Vitambaa Sita vya Fundi Hakosei

Jina la Hakosei alipewa na wateja, lakini kibao cha getini alikichora mwenyewe, kwa rangi nyekundu, na akahakikisha herufi zinasomeka hata kutoka ng'ambo ya barabara. Tusimlaumu sana. Kwa miaka ishirini na mbili alikuwa akilala chini ya magari ya dizeli na kutoka na vumbi kichwani na jibu mdomoni, na mara nyingi jibu lake lilikuwa sahihi. Mtu akisifiwa kila siku kwa miaka yote hiyo, kichwa kisipomvimba basi ana kasoro nyingine.

Gereji yake ilikuwa ua wa mchanga uliokuwa mweusi kwa oili, ukuta mmoja wa matofali na paa la mabati lililofunika nusu ya magari. Alikuwa na utaratibu wake ambao mafundi wengine waliucheka. Kila alipofungua bomba au tangi, aliuziba mdomo wake kwa kitambaa safi, vumbi lisiingie. Mkewe ndiye aliyemchania vitambaa hivyo kutoka mashuka yaliyochakaa, sita kila wiki, na kila kazi ilipokwisha Hakosei alivihesabu kabla ya kushusha boneti. Vimetoka sita, lazima virudi sita. Aliwaambia wenzake kuwa fundi asiyehesabu vitambaa vyake ni mchuuzi tu aliyeshika spana.

Asubuhi ile simu ililia akiwa chini ya lori. Alikuwa Mama Saruji, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mwanamke asiyepoteza maneno.

"Limezimika tena," alisema. "Mlima wa shule, na mifuko ishirini mgongoni. Njoo."

Kabla hatujapanda pikipiki pamoja naye, inafaa ujue kwa nini hilo neno "tena" lilimuuma.

Pikapu ya Mama Saruji zamani iliendeshwa na shemeji yake Hakosei, mume wa mdogo wake wa kike, mtu mpole aliyeitwa Taratibu kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akilipita gari lingine, labda lililoegeshwa. Miezi minne nyuma, wakati wa mvua, tangi la pikapu hiyo lilijaa tope la dizeli mbovu. Hakosei alilishusha, akaliosha, akalipandisha. Baada ya wiki mbili gari likaanza ugonjwa mpya. Lilitembea vizuri dakika ishirini hivi, kisha nguvu zikapungua, likakohoa, likazimika. Ukisubiri robo saa linawaka kama vile halikufanya lolote, na likifika kwa fundi linanguruma kwa afya tele. Magari nayo hujua kumwaibisha mtu.

Mara ya kwanza Hakosei alibadilisha filta. Mara ya pili alibadilisha mipira ya mafuta na kukaza klipu zote. Mara ya tatu gari lilivutwa kwa kamba hadi uani kwa Mama Saruji, mchana kweupe, wapakiaji wamejaa, wateja wamesimama na misumari yao mikononi, na Mama Saruji akauliza mbele ya wote hao kama kile kibao cha getini kinasema kweli au ni pambo. Watu wakacheka. Hakosei akafungua kizibo cha chini ya filta, akakinga dizeli kwenye chupa ya kioo, na chini ya dizeli ile kulikuwa na maji. Kijiko kimoja. Kijiko kimoja cha maji hakizimishi gari namna ile, na hilo alilijua kuliko mtu yeyote pale uani. Majira ya mvua kila tangi lina kijiko chake. Lakini kile kicheko kilikuwa bado kinamwasha masikioni. Akainua chupa juu, kila mtu aone.

"Gari halina ugonjwa," alisema. "Mgonjwa ni anayelijaza mafuta. Mafuta yanauzwa njiani, pengo linajazwa maji."

Taratibu alikuwa amesimama hatua tatu kutoka pale, funguo mkononi.

"Shemeji," alisema, "wewe unanijua."

Siku hiyohiyo Mama Saruji alimnyang'anya funguo. Wiki zilizofuata safari za gari zilikuwa fupi, gari likatulia, na kila mtu akahesabu utulivu ule kuwa ushahidi. Kila mahali Taratibu alipokwenda kuomba kazi ya udereva, alikuta habari ya wizi wa mafuta imeshafika kabla yake na imekaa kitini. Mwishowe akakodi mkokoteni. Akawa anasukuma saruji ya duka lilelile, anapita mbele ya gereji kila siku mgongo umepinda, na kila siku anasalimia. Hilo ndilo lililomchoma Hakosei, kwamba anasalimia.

Mdogo wake naye aliacha kumwita kaka. Hakugomba, hakununa. Alianza tu kumwita fundi, kama mteja aliyeleta gari. "Hujambo, fundi? Wifi hajambo?" Hakosei angependelea matusi.

Sasa panda pikipiki twende.

Pikapu ilikuwa imesimama katikati ya mlima, mawe chini ya magurudumu, pua imeelekezwa juu kama bado ina nia. Dereva mpya, mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alikuja kumpokea akiwa na wasiwasi.

"Fundi, nimeendesha vizuri tu, na tangu lizimike sijaacha kupiga selfu," alisema. "Na mafuta anajaza mama mwenyewe. Ana pipa dukani, kalifunga kwa kufuli, ufunguo anauvaa shingoni. Anayachuja kabisa kabla ya kuyatia."

Jibu alilolitoa siku ile uani lilikuwa limekufa kabla hajafungua boneti. Hapakuwa na mtu wa kuiba, hapakuwa na pengo la kujazwa maji, na gari lilikuwa limezimika vilevile.

Akaanza mwanzo, kama anavyoanza mtu anayetaka kuchelewa kufika. Aliwasha swichi, akasikiliza vali ya kukata mafuta ikigonga mahali pake. Nzima. Akalegeza nati ya bomba la nozeli ya kwanza, ile inayonyunyizia injini dizeli, na kumwambia dereva apige selfu. Dizeli ikatoka kwa matone membamba, haina nguvu. Akashika pampu ya mkono iliyo juu ya filta, akaibonyeza. Ilishuka, ikakaa hukohuko chini. Pampu ile ukiiachia inapaswa kupanda yenyewe. Isipopanda, ujue inavuta na haipati, kama mtoto anayenyonya mrija ulioziba. Basi ugonjwa haukuwa kwenye nozeli wala kwenye filta. Ulikuwa nyuma, upande wa tangi.

Alichomoa mpira unaotoka tangini, akaufuta kwa kiganja, akaupuliza kwa mdomo. Pumzi iligoma. Akapuliza tena hadi mishipa ya shingo ikasimama, na ghafla kitu kikaachia kule nyuma, mapovu yakasikika ndani ya tangi. Njia ikawa nyepesi, anapuliza bila taabu.

Hapo jasho lilimtoka, na halikuwa la jua. Tope haliachii hivyo. Kutu haiachii hivyo. Kinachoachia hivyo ni kitu kipana na laini, kinachotangatanga chini ya tangi, kinachovutwa na mafuta polepole hadi kwenye mdomo wa bomba na kuufunika. Gari likizimika mvuto unaisha, kitu kinajiachia na kuzama, na baada ya robo saa kila kitu ni kizima. Safari fupi hazikipi muda wa kufika. Mlima na mzigo vinakipa.

Asingeweza kujidanganya, lakini alijaribu. Alijaza dizeli safi kwenye dumu la lita tano, akalifunga kwenye kioo cha pembeni, akaunganisha mpira kutoka dumuni moja kwa moja hadi kwenye filta, akatoa hewa. "Panda mlima na mifuko yote," alimwambia dereva. "Ukifika juu geuza, rudi, panda tena. Usisimame mpaka nikwambie."

Gari lilipanda na kushuka kwa dakika arobaini, halikukohoa hata mara moja. Fundi mwingine angefurahi. Hakosei alikaa kwenye ukingo wa mtaro, ameshika tama, akilitazama likipanda na kushuka na kila mara akiomba lizimike.

Maana alikuwa ameshakumbuka. Siku ya kuosha tangi, Taratibu alikuwa amemshikia tangi kwa mikono miwili. Juu ya tangi kuna tundu pana la geji ya mafuta, na Hakosei alikuwa amelizibia kitambaa. Kabla hajafunga, likaingia lori la mteja mkubwa, likapiga honi, akaenda kumlaki, wakazungumza wakacheka, akarudi mbiombio akafunga kifuniko cha geji kwa skrubu tano. Taratibu alimuuliza, kwa ile sauti yake ya kuogopa kusumbua watu, "Shemeji, kile kitambaa cha hapa juu umekitoa?"

Naye akamjibu, "Wewe endesha gari, shemeji. Tangi niachie mimi."

Mwenye lori alicheka sana. Jioni vitambaa vilikuwa vitano. Hakosei alimwambia mkewe kuwa upepo umechukua kimoja.

Dereva mpya alitumwa kutafuta madumu ya kukingia mafuta kwenye nyumba za juu ya mlima, na Hakosei akabaki peke yake na gari. Alikinga dizeli kwenye madumu mawili aliyokuwa nayo, akalegeza mikanda ya tangi, akalishusha kiasi cha kiganja, akafungua skrubu tano alizozifunga mwenyewe. Akaingiza waya uliopindwa ncha. Mara ya kwanza haukunasa kitu, na kwa muda mfupi alikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote barabarani. Mara ya pili ukanasa.

Kilitoka kimejikunja, kizito, kinachuruzika. Alikikunjua juu ya goti. Rangi ya njano ilikuwa imegeuka kahawia, lakini pindo lilikuwa palepale, limeshonwa kwa uzi wa kijani. Mashuka yale mdogo wake aliwashonea yeye na mkewe walipohamia nyumba yao. Uzi wa njano ulimwishia usiku wa kuamkia siku ya kuyaleta, akamalizia kwa wa kijani, na walimtania kwa miaka.

Hakosei alitazama juu ya mlima, akatazama chini. Hapakuwa na mtu. Akakikamua, akakitia mfukoni.

Dereva aliporudi aliuliza, "Ilikuwa nini, fundi?"

"Uchafu," alisema Hakosei.

Walirudi dukani na gari, lililopanda mlima kwa dizeli ya tangini bila shida. Njia nzima kitambaa kilimlowesha paja, na dizeli ikikaa juu ya ngozi huanza kuuma kama upupu. Hakujikuna. Mama Saruji alikuwa mlangoni akiandikia wateja stakabadhi. Dereva akamweleza kwamba uchafu umetolewa tangini, gari zima.

"Nilijua wewe hukosei," Mama Saruji alisema bila kuinua uso. "Yule shemeji yako ametuachia uchafu wake mpaka leo."

Mara ya kwanza Hakosei alimpaka shemeji yake matope kwa mdomo wake. Sasa alimpaka kwa kukaa kimya, na ya pili ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu siku ile hakujua kinachozimisha gari na leo alikuwa na ukweli mfukoni. Aliona aibu. Hata hivyo, aliaga, akaondoka.

Nyumbani alivua suruali nyuma ya mlango. Mkewe aliichukua aende kuiloweka, akapekua mifuko kama kawaida yake. Sauti yake ilitoka kule uani kwenye karai.

"Kumbe upepo umekirudisha," alisema.

Mkewe akaingia, kitambaa kimening'inia kwenye vidole viwili.

"Wifi yangu anauza vyombo vyake," alisema. "Juzi nimenunua sufuria yake mwenyewe bila kujua ni yake, mpaka nilipoona alama chini. Nilikuwa sijui nikuambieje. Sasa sijui pia."

Ilikuwa saa kumi jioni. Hakosei alivaa suruali nyingine, akakifunga kitambaa kwenye mfuko wa plastiki, akaenda kwa mdogo wake.

Chumba kilikuwa kilekile, ila kabati la vyombo lilikuwa na nafasi nyingi. Taratibu alikuwa sakafuni akiziba pancha ya gurudumu la mkokoteni. Mdogo mtu alimfungulia.

"Karibu, fundi," alisema, akafunga mlango, kiti akampa.

Hakosei hakukaa. Alikitoa kitambaa, akakiweka mezani. Mdogo wake aliliona pindo kwanza. Taratibu aliinuka polepole, akafuta mikono kwenye suruali, akakisogelea, akakigusa kwa kidole.

"Nilikuuliza," alisema.

"Uliniuliza."

"Nilikuuliza, shemeji."

Hakukasirika. Angekasirika, Hakosei angepata pa kushika. Alirudi tu kwenye gurudumu lake, akaendelea kulisugua pale palipotoboka, ingawa palikuwa pameshasuguliwa vya kutosha.

"Nimekosa," alisema Hakosei. "Nimekuja kuwaambia nimekosa. Yale maji nayo nilijua si kitu. Nilijua siku ileile."

Hilo la maji hakuwa amepanga kulisema. Mdogo wake alikisukuma kitambaa kumrudishia.

"Mama Saruji umemwambia?"

"Nimeanza na nyinyi."

"Siku ile hukuanza na sisi," alisema. "Siku ile ulisema uani, mchana, umeinua chupa juu. Leo mbona unasema chumbani, mlango umefungwa?"

Asubuhi Hakosei alikuwa uani kwa Mama Saruji kabla duka halijafunguliwa. Alisubiri hadi wapakiaji walipofika, hadi Mama Saruji alipotoka na ufunguo wake shingoni, hadi Taratibu alipoingia na mkokoteni kupakia mzigo wa kwanza. Akapiga moyo konde, akainua kitambaa juu kwa mkono uleule ulioinua chupa.

"Hiki ndicho kilichokuwa kinazimisha gari," alisema. "Ni changu. Nilikisahau tangini nilipoliosha. Shemeji yangu aliniuliza, nikamnyamazisha. Hakuiba mafuta, na mimi nilijua hakuiba."

Mpakiaji mmoja alicheka, akaona anacheka peke yake, akaacha. Dereva mpya alivua miwani na kuifuta, anawaza mkate wake. Mama Saruji alikitazama kitambaa, akamtazama Hakosei, na uso wake ulikuwa mgumu kama saruji iliyolala na mvua.

"Umenifanya nimdhulumu mtu," alisema. "Gari langu usiliguse tena." Kisha akamgeukia Taratibu, na sauti ikashuka. "Baba, nisamehe. Funguo siwezi kukupa leo. Huyu niliyemwajiri hana kosa, nikimtoa nitakuwa nimerudia lilelile. Nikipata gari la pili, ni lako."

Taratibu aliitikia kwa kichwa. Alipanga mfuko wa mwisho kwenye mkokoteni, akajipangusa vumbi la saruji, akamwendea Hakosei.

"Siku ile hapa palikuwa na watu kumi na wanne," alisema, bila ukali. "Niliwahesabu, kwa sababu sikujua macho niyaweke wapi. Leo nawaona watano kati yao."

Akashika mipini, akasukuma, akatoka.

Hakosei alibaki na kitambaa mkononi. Kisha akamfuata mbio barabarani, akamwomba amtajie hao tisa, na Taratibu akamtajia mmoja mmoja huku akisukuma. Yule aliyenunua misumari ya bati. Bibi wa kopo la rangi nyeupe. Mwenye malori mawili aliyesimama kando akinywa maji, ambaye wiki iliyofuata alimkatalia kazi. Fundi bomba. Seremala na nduguye. Wapakiaji wawili walioacha kazi. Mwalimu mmoja aliyekuja kuuliza bei tu.

Siku hiyo gereji haikufunguliwa, wala iliyofuata. Hakosei alizunguka mitaa akiwa na mfuko wa plastiki, akibisha hodi kwa watu asiowajua. Bibi wa rangi alimwambia hakuwahi kuamini, na kumkemea kwa kuchelewa. Seremala hakukumbuka chochote, ikabidi amsimulie kosa lake lote toka mwanzo ndipo amwombe alifute kichwani. Mwenye malori alisikiliza mpaka mwisho, akasema kazi ya Taratibu ataifikiria, na akamuuliza kama mwenyewe bado ni fundi wa kuaminiwa. Hakosei alisema hajui. Akaenda zake.

Jioni ya siku ya pili alipita mbele ya nyumba ya mdogo wake. Hakukusudia kuingia. Mdogo mtu alikuwa mlangoni akichagua mchele kwenye ungo, akamwona, akamwita kabla hajapita.

"Wamebaki wangapi?"

"Wanne," alisema Hakosei. "Mwalimu amehama. Nimeambiwa alikohamia."

Mdogo mtu alipepeta ungo mara mbili tatu, akatoa jiwe, akalitupa uani.

"Ingia ule, kaka," alisema. "Kesho utaendelea."